Mtoto Kanuka Kichwa, Mama Kalaumiwa

Wasikilizaji wetu wa Karagwe na Kyerwa, waitu, mlioko Kayanga na Omurushaka, mlioko Nyaishozi, Nkwenda na Kaisho, mpaka kule mpakani Murongo, sogezeni viti. Akina baba msiondoke. Mazungumzo ya leo ni yenu pia, na sababu mtaisikia.

Nataka tumzungumzie mtoto mdogo ambaye kichwa chake kinanuka. Simzungumzii yule aliyecheza vumbini kutwa akarudi na jasho. Huyo ukimwogesha yamekwisha. Namzungumzia yule anayeoshwa jioni, na asubuhi kichwa kinanuka vilevile. Ananyolewa kipara, wiki haijaisha harufu imerudi. Anapakwa mafuta yenye manukato, ndiyo kwanza zinakuwa harufu mbili.

Kinachoniuma katika habari hii ni jinsi hukumu inavyotangulia. Bibi amekuja kumpakata mjukuu, amekunja uso, amemrudisha kwa mama yake. Jirani msibani amehamia mkeka mwingine. Mwalimu wa darasa la awali amemkalisha mtoto peke yake. Hakuna aliyeuliza kitu. Wote wamekwisha kuamua kwamba nyumba ile hawajui maji. Mama naye, kwa aibu, anaficha. Anamvika mtoto kofia. Anaongeza sabuni, anasugua mpaka ngozi inachubuka. Jumapili anamwacha nyumbani. Mtoto wa miaka minne, hata kuhesabu mpaka kumi bado, ameshafundishwa kwamba yeye ni wa kukaa mbali na watu.

Mimi nasema hivi: harufu iliyooshwa na kuoshwa tena, na bado ipo, ina chanzo ambacho sabuni haikifikii. Kazi ya mzazi ni kukitafuta, na kifaa cha kwanza cha kutafutia ni pua yake mwenyewe.

Tuelewane kwanza juu ya mwili wa mtoto. Jasho la mtoto mdogo likiwa bichi karibu halinuki. Tezi za kwapani zinazotoa jasho zito la mtu mzima huwa zimelala mpaka mtoto anapokaribia kubalehe. Jasho la kichwani sehemu kubwa ni maji na chumvi. Linapata harufu likikaa, pale vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu vinapolila pamoja na mafuta ya ngozi. Kwa hiyo msichana ambaye hajafikisha miaka 8, au mvulana ambaye hajafikisha 9, akianza kunuka kikwapa cha mtu mzima, mweleze daktari. Hilo ni jambo lake lenyewe na leo silifungui.

Haya, namna ya kunusa. Fanya asubuhi, mtoto akiwa ndiyo kwanza ameamka, kabla hajaoshwa wala kupakwa kitu. Mpakate kama unavyompakata siku zote, asijue kwamba anachunguzwa. Nusa utosini. Nusa kisogoni. Nusa nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto, kisha tundu la sikio lenyewe. Sogea puani, upande mmoja, halafu wa pili. Nusa pumzi. Ukimaliza, mtoto akishaondoka, nusa mto aliolalia, nusa blanketi, nusa kofia yake. Mahali harufu ilipo kali kuliko pengine ndipo pa kuanzia, na mara nyingi utashangaa kwamba hapako kwenye nywele.

Mto, kwa mfano. Nyumba nyingi watoto wanalala wawili watatu kwenye godoro moja, na kukojoa kitandani kwa watoto wadogo ni jambo la kawaida kabisa. Mdogo akikojoa, mkojo unasambaa kwenye godoro, na mkubwa ambaye hajakojoa anaamka nywele zimeunyonya. Unamwosha, usiku anarudi kwenye godoro lilelile. Hapo utanunua sabuni za duka zima na hutashinda. Dawa yake ni godoro kutolewa nje juani, nailoni kutandikwa chini ya shuka, foronya kufuliwa mara kwa mara. Na kikojozi asipigwe, maana hafanyi makusudi.

Boshori nalo. Huku kwetu ni milimani, asubuhi kuna baridi, na kila mama anamvika mtoto boshori la sufu. Ni jambo jema. Lakini saa nne jua limeshapanda, mtoto yuko mgongoni kwa mama, amefungwa mbeleko, boshori bado liko kichwani. Kichwa kinatota jasho na hakipati hewa. Jioni boshori linavuliwa likiwa bichi, linatupwa pembeni, kesho linavaliwa tena. Mtoto huyo awe na maboshori mawili: moja linavaliwa, lingine liko kwenye kamba. Jua likitoka, kichwa kibaki wazi.

Nywele zilizosukwa zina hadithi karibu na hiyo. Mtoto wa kike ambaye hajaanza shule anasukwa kwa ajili ya Krismasi au Pasaka, wakati mwingine kwa rasta, na kwa vile kusuka ni gharama, nywele zinaachwa wiki nyingi. Zinaloweshwa na mvua, zinaoshwa juujuu, hazikauki hadi ndani, zinaanza kunuka uvundo wa nguo iliyokunjwa mbichi. Mtoto mdogo asukwe mistari mikubwa ya nywele zake mwenyewe, isiyovuta ngozi, na ifumuliwe baada ya wiki mbili hivi. Kabla ya kulala nywele ziwe zimekauka. Kama leo hakuna muda wa kuzikausha, usizioshe leo.

Sasa nije kwa wenye watoto wachanga, maana kuna jambo linalowatesa bure. Mtoto wa wiki chache, au miezi michache, anatokwa na maganda ya manjano yenye mafuta utosini, yanayong'ang'ania, na yanatoa harufu ya samli iliyochacha. Mama anaogopa kugusa utosi. Anaona unadunda, anahofia ataudhuru ubongo, hivyo eneo lile lote haliguswi na maji. Wengine wanaongeza samli au mafuta ya mgando juu, au dawa za kienyeji za utosi, zinakaa hapo siku baada ya siku. Waitu mama, utosi una ngozi na utando mgumu chini yake. Kuosha kwa kiganja kwa upole hakuudhuru. Utosi wa mbele hufunga wenyewe, kwa watoto wengi kati ya miezi 12 na 18. Na maganda yale ni hali ya kawaida ya uchangani, hayatokani na uchafu wala na maziwa yako, na mara nyingi hupotea yenyewe kadiri miezi inavyokwenda. Ukitaka kuyasaidia, paka mafuta mepesi kidogo, subiri robo saa yalainike, pitisha kitana laini au kitambaa, kisha osha kwa sabuni ya mtoto mafuta yote yatoke. Hapo kwenye kutoka ndipo tunapokosea. Fangasi ndogo zinazohusika na maganda hayo chakula chake ni mafuta. Ukiyaacha kichwani umeziandalia. Na usibandue ganda kavu kwa kucha, utafungua kidonda.

Kama maganda yanatoa damu, yamelowa majimaji, au yameshuka usoni na mapajani na mtoto halali, nenda zahanati.

Nirudi kwenye pua na masikio, maana hapa ndipo watoto wengi wanapoteseka kwa kuoshwa nywele zisizo na kosa. Mtoto anaweza kunuka kichwa kizima kwa sababu ya punje moja ya haragwe. Huku kwetu maharage yapo kila nyumba. Yanaanikwa uani, yanachambuliwa jikoni, mtoto wa miaka miwili au mitatu amekaa katikati yake anacheza. Anachukua punje, anaiingiza puani, anasahau. Hakuna aliyemwona. Punje inanyonya unyevu, inavimba, inabana, inaanza kuoza, na baada ya siku kadhaa inatoka harufu ambayo mama haelewi imetoka wapi. Ukimkumbatia mtoto unadhani ni nywele. Si haragwe peke yake: shanga, kipande cha sponji ya godoro, karatasi, punje ya mahindi, vyote vinaingia. Dalili yake kubwa ni hii: kamasi zito linalonuka, wakati mwingine lenye damu, likitoka tundu moja tu. Mafua hutoka pande zote mbili. Tundu moja likitoa uchafu na lingine ni kavu, fikiria kitu kimeingia.

Usichokonoe. Usichukue kijiti, wala pini, wala kibano cha nyusi. Utakisukuma ndani zaidi. Usimwagie maji puani, haragwe litavimba zaidi. Mpeleke kituo cha afya. Wahudumu wana njia zao, na mojawapo inamhitaji mzazi mwenyewe: mama anaziba kwa kidole tundu la pua lisilo na kitu, anaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, anapuliza mara moja kwa ghafla, na kile kitu kinasukumwa nje na hewa. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1965 na daktari wa New Jersey, Marekani, aitwaye Vladimir Ctibor, na bado inatumika leo. Fanya ukiwa mbele ya mhudumu, akuelekeze. Kuna kitu kinachohitaji mbio zaidi: betri ndogo ya mviringo, ile ya saa na ya vitu vya kuchezea vyenye taa. Hiyo huunguza nyama ya pua kwa saa chache. Usisubiri asubuhi. Baba, hapo ndipo pikipiki yako inapohitajika, hata kama ni usiku.

Sikio nalo linadanganya vivyo hivyo. Mtoto aliugua mafua, akalia sikio siku mbili, sikio likapasuka, usaha ukaanza kutoka. Maumivu yakaisha, nyumba nzima ikafurahi. Usaha ukaendelea taratibu, usiku unashuka kwenye nywele za nyuma ya sikio, unakauka huko, unanuka. Mama anaosha nywele. Ukipitisha wiki mbili sikio likitoa usaha, hilo limeshakuwa tatizo sugu, na kinachopotea polepole ni usikivu wa mtoto. Baadaye tutasema shuleni hasikilizi. Zahanati watakuonyesha namna ya kulikausha: kitambaa safi cha pamba kinasokotwa utambi, kinaingizwa kwa upole, kinatolewa kikiwa kimelowa, kinabadilishwa mpaka kitoke kikavu, angalau mara 3 kwa siku, kisha dawa ya matone waliyokupa. Usitie mafuta, usitie maziwa ya mama, usitie maji ya majani. Na ukiona nyuma ya sikio pamevimba na panauma ukigusa, hiyo ni ya hospitali, leo leo. Karagwe kuna Nyakahanga, Kyerwa kuna Isingiro.

Pua na masikio yakiwa salama, turudi kwenye ngozi ya kichwa yenyewe, na hapa mkosaji mkubwa ni fangasi. Wengine mnaziita mashilingi, wengine vibarango. Zinawapenda watoto kuanzia wanaotembea mpaka wanaokaribia kubalehe. Mtu mzima hapati sana, kwa sababu mafuta ya ngozi hubadilika baada ya kubalehe na kumkinga. Unaona mabaka ya mviringo, magamba ya unga, nywele zimekatika usawa wa ngozi zikabakiza vidoa vyeusi. Fangasi kavu ya namna hiyo inawasha, lakini harufu yake si kubwa. Inayonuka ni ile iliyochachamaa: sehemu ya kichwa inavimba, inakuwa laini ukiibonyeza, usaha unatoka kwenye matundu madogo madogo, nywele zinang'oka bila kuvutwa, tezi za shingoni zinavimba, wakati mwingine na homa.

Huu uvimbe watu wanaudhania jipu. Wanaupasua kwa wembe. Naomba sana msiupasue. Ndani hakuna mfuko wa usaha wa kukamua. Ni ngozi yenyewe imewaka ikipigana na fangasi, na ukiichana unaacha kovu ambalo halitaota nywele tena. Fangasi za mifugo hasa ndizo zinazoleta uvimbe wa namna hii. Kyerwa na Karagwe ni nchi ya ng'ombe, watoto wetu wanashinda na ndama, wanawakumbatia. Ukiona ndama ana mabaka ya mviringo ya kijivu machoni au shingoni, na mtoto anayemchunga ana uvimbe kichwani, mweleze mganga habari ya ndama pia. Paka na mbwa nao huambukiza.

Madaktari wenyewe waliwahi kutegemea pua katika jambo hili. Kuna fangasi ya kichwa ya zamani, yenye maganda ya manjano, ambayo vitabu vya tiba viliieleza kwa harufu yake: mtoto ananuka panya. Mwaka 1839 daktari Mjerumani Johann Lukas Schönlein aliyaweka maganda hayo chini ya hadubini akaona kuvu ndani yake, na hiyo ilikuwa moja ya mara za kwanza kabisa kwa ugonjwa wa binadamu kuhusishwa na kuvu. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kuwahesabu watoto wale kuwa wachafu tu.

Tiba ya fangasi za kichwani inawakwaza watu kwa sababu ni ndefu. Krimu ya kupaka peke yake haitoshi. Fangasi imeingia ndani ya unywele, chini kwenye shina, mahali krimu haifiki; kwa sababu hiyohiyo kunyoa hakuponyi. Inahitajika dawa ya kumeza. Griseofulvin ndiyo ya siku nyingi na ndiyo inayopatikana zaidi, kwa kipimo kinachotokana na uzito wa mtoto, na inamezwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uifyonze vizuri: maziwa, karanga, parachichi, vitu ambavyo huku havitushindi. Pamoja nayo, sabuni ya majimaji yenye dawa ya kuua fangasi mara mbili kwa wiki inapunguza kuwaambukiza wengine. Tatizo ni wiki ya pili. Kuwashwa kumekwisha, nywele zinaanza kuchipua, vidonge vinawekwa kabatini, na mwezi unaofuata ugonjwa umerudi. Basi watu wanasema dawa za hospitali hazifanyi kazi.

Kuna na krimu zinazouzwa madukani zikiwa zimechanganywa dawa tatu kwenye mrija mmoja, mojawapo ikiwa ni steroidi. Ukipaka leo, kesho wekundu na muwasho vimetulia, unadhani umepona. Fangasi iko chini inaenea kwa raha, na baka lake linapoteza umbo, hata mganga akiliangalia anapata shida kulitambua. Ukienda duka la dawa muhimu, uliza waziwazi: hii ina steroidi? Na usinunue ya mtoto kwa sababu ilimfaa jirani.

Nimebakiza dawa za nyumbani ambazo lazima nizitaje kwa majina. Mafuta ya taa kichwani kwa ajili ya chawa au fangasi: yanaunguza ngozi, mvuke wake unaharibu mapafu, na ikitokea moto karibu, sitaki hata kusema. Maji ya betri kwenye mabaka: ni asidi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, au ya kupulizia kahawa na mboga: ngozi ya kichwa cha mtoto inafyonza haraka, na sumu inaingia kwenye damu. Mtoto aliyepakwa dawa hizo akaanza kutokwa mate, kutapika, kulegea au kutetemeka, vua nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, kimbia hospitali na chupa ya dawa mkononi. Ukweli ni kwamba wanaofanya hivi hawana chuki na mtoto. Wamechoka, wamejaribu kila kitu, na zahanati iko mbali. Ndiyo sababu nazungumza nao leo.

Na maji? Siwezi kuzungumzia usafi Karagwe nikakaa kimya juu ya maji. Kuanzia Juni mpaka Agosti kiangazi kinakaza, na ndiyo wakati kahawa inachumwa na kuanikwa. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto wa darasa la tatu ameteremka bondeni na dumu, au dumu limenunuliwa kwa mwenye baiskeli. Maji hayo yana foleni: ya kupikia, ya kunywa, ya mbuzi. Mwenye bati na tanki aliyevuna mvua ya masika anapumua kidogo. Asiye nalo anahesabu vikombe. Mama huyu usimwambie amwogeshe mtoto kichwa kila siku. Hana haja. Kwa mtoto mwenye afya, nywele fupi, mara mbili kwa wiki zinatosha, na jagi mbili za maji zinatosha ukizitumia kwa mpango: moja ya kulowesha na kupaka povu, ya pili ya kusuuza mpaka sabuni yote itoke. Sabuni iliyobaki kichwani inawasha, mtoto anajikuna, vidonda vinafunguka. Sabuni ya kipande ya kufulia si mbaya ikikosekana nyingine, ila ya unga ni kali mno kwa ngozi ya mtoto. Kisha kausha kwa kitambaa chake peke yake. Kipande cha kanga kuukuu kinafaa.

Akina baba, niliwaahidi. Siku ya kunyoa watoto nyumbani mara nyingi ni kazi yenu. Wembe mmoja unaanza kwa kifungua mimba unamalizia kwa kitinda mimba. Kama mmoja ana fangasi, kufikia jioni wote wanaweza kuwa wameambukizwa. Na kwa kuwa wembe unakata, damu inahama pia, na katika damu kunaweza kuwa na virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Kila kichwa na wembe wake. Vinyozi wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, mashine inabeba vipande vya nywele ambavyo fangasi hukaa ndani yake kwa muda mrefu. Kabla ya kichwa kingine pukuta nywele zote kwa brashi, futa meno kwa spiriti, na kitambaa cha shingoni kisiwe kimoja kutwa. Mtoto mwenye mabaka mwambie mzazi kwa siri, pembeni, kwa heshima. Kinyozi anaona vichwa vingi kuliko mganga. Akijua anachokitazama anaweza kuokoa familia.

Baba pia ndiye mara nyingi mwenye nauli na mwenye ruhusa. Kwa sera ya serikali, mtoto aliye chini ya miaka 5 anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya umma. Dawa ikikosekana dirishani, omba uandikiwe jina lake vizuri ukanunue. Mkiona kituo cha afya kimeshindwa, kuna hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, na nchi yetu ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi, ambacho tangu miaka ya 1990 kimewafundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Ugonjwa wa ngozi una wenyewe wa kuusomea.

Inaweza kutokea mganga, akiona fangasi zimeenea sana au zinarudi kila mara, akaomba kumpima mtoto damu, pamoja na virusi vya UKIMWI. Msikasirike. Mkoa wetu ndio uliotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania, mwaka 1983, na wazee wetu wanakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakihukumiwa kwa kutazamwa ngozi. Leo kipimo kipo, dawa zipo bure, na mtoto anayeanza mapema anakua na kusoma. Wengi watakaopimwa watakuwa salama. Kujua ni bora kuliko kunong'onezwa.

Nimalizie na walimu. Mtoto mwenye fangasi za kichwani aliyeanza dawa ya kumeza na kuoshwa kwa sabuni yenye dawa hahitaji kukaa nyumbani. Asiazimane kofia, kitana wala taulo na wenzake, basi. Watoto wengine wa nyumba ile wakaguliwe vichwa wiki hiyohiyo, maana mara nyingi kuna wa pili ambaye hajaanza kujikuna. Ukimwita mama, mwite peke yake, usimtume mtoto na barua iliyo wazi inayosomwa njiani. Muulize ameshajaribu nini, amekwenda wapi, na kama sikio la mtoto linatoa usaha. Kumwambia mtoto abaki nyumbani mpaka apone ni kumnyang'anya miezi miwili ya darasa kwa ugonjwa ambao anaweza kutibiwa huku anajifunza kusoma.